Amana ya Dimbwi na Jani

Samaki wa jenasi ya Nothobranchius huishi katika madimbwi ya msimu, yale yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi. Dimbwi likikauka, samaki hufa. Mayai hubaki yamezikwa topeni, yamelala, yakingoja mvua nyingine. Bonde la mto Pangani, upande wa Korogwe na Mombo, lina samaki wa namna hii, na mwaka 1924 mmoja wao aliandikwa katika vitabu vya sayansi pale Ernst Ahl wa Berlin alipomwita Nothobranchius vosseleri. Jina hilo linamtukuza Julius Vosseler, mwanazoolojia aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara ya mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Dume ni mfupi kama kidole, lakini rangi zake zimewafanya watu walio maelfu ya kilometa kutoka Tanga kumfuga kizazi baada ya kizazi katika vioo vya maji vilivyopangwa sebuleni.

Watu hao si wanasayansi wala wafanyabiashara wakubwa. Ni wapenzi tu wa hobi, na wana vyama vyao: cha Marekani kiliundwa mwaka 1961, cha Ujerumani mwaka 1969. Kwa kuwa yai la samaki huyu linavumilia ukame, mfugaji hulikusanya katika mboji yenye unyevu kidogo, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaupeleka posta. Anayeupokea huungoja kwa wiki au miezi kadiri ya aina ya samaki, kisha huimwagia mboji maji, na vifaranga hutoka. Juu ya mfuko hubandikwa lebo yenye jina la samaki, mahali alipotoka, na alama ya safari iliyomkusanya: herufi za nchi, mwaka, na namba ya dimbwi. Wafugaji makini hawachanganyi samaki wa dimbwi moja na wa dimbwi jingine hata kama jina la kisayansi ni moja, kwa sababu madimbwi yaliyotengana hukuza samaki waliotofautiana, na tofauti hiyo ikishapotea haipatikani tena. Lebo ikidondoka, samaki anabaki mzuri vilevile, lakini hakuna mfugaji makini atakayemtaka.

Msomaji aliyekulia karibu na madrasa atautambua mpango huu mara moja. Ni isnadi. Hadithi ya Mtume haipokewi kwa uzuri wa maneno yake. Hupokewa kwa mnyororo wa walioipokeza, fulani kutoka kwa fulani mpaka chanzo, na kiungo kimoja kikikatika hadithi hudhoofika. Mkusanyaji, awe wa samaki, maua au mawe, anaishi kwa kanuni hiyohiyo hata kama hajawahi kuisikia. Anachokimiliki kina pande mbili: kitu chenyewe na habari ya kitu. Cha kwanza hupungua kikigawanywa, maana anayetoa samaki wawili kati ya sita hubaki na wanne. Habari haipungui hata ikipewa watu mia. Swali la haki katika kukusanya huanzia hapo. Ikiwa habari haimpungukii mtoaji, ana sababu gani ya kuizuia? Na akishaitoa, nani ana deni kwa nani?

Thamani ya kuihifadhi habari hiyo kwa uaminifu ilidhihirika kwa namna ambayo hakuna mfugaji aliyeitazamia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 samaki wa jenasi hiyohiyo walichukuliwa katika dimbwi la Gonarezhou, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na baadaye aina yao ikaitwa Nothobranchius furzeri. Wapenzi wa hobi waliwafuga kwa miongo kadhaa, wakipeana mayai na lebo bila kuchanganya. Watafiti walipotafuta kiumbe mwenye uti wa mgongo anayezeeka upesi, ili wachunguze uzee wenyewe, walimkuta tayari kwenye vioo vya watu wa kawaida, akiwa bado na jina la dimbwi lake. Leo uzao huo unafugwa katika maabara nyingi duniani, na mwaka 2015 jenomu ya aina hiyo ilichapishwa. Laiti mmoja tu wa wale wafugaji angeficha asili au kuibuni ili apate bei, mnyororo ungekatika, na hasara isingekuwa yake peke yake.

Mafunzo ya dini zinazofuatwa Handeni na Korogwe yanaonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kulijibu swali upesi. Katika Uislamu kuficha elimu inayohitajiwa ni dhambi iliyotajwa waziwazi: Surat al-Baqara inawalaani wanaoficha yaliyobainishwa, na mafundisho ya Mtume yanamwonya anayeulizwa jambo analolijua akalinyamazia. Zaidi ya hapo, elimu yenye manufaa imehesabiwa miongoni mwa mambo matatu ambayo thawabu yake haikomi mtu anapokufa. Kwa Mkristo, mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo unamhukumu yule mtumishi aliyechimba shimo akaifukia fedha ya bwana wake. Hakuiiba wala hakuipoteza. Kosa lake ni kuizuia isizae.

Lakini dini hizohizo hazikuishia hapo, na wanaozitaja ili kudai kila siri ifunuliwe wanazisoma nusu. Elimu ya Kiislamu ilijengwa pia juu ya ijaza, yaani idhini ambayo mwalimu humpa mwanafunzi ya kufundisha kitabu fulani baada ya kumwona anakiweza. Ijaza haiifungi elimu, bali huiwekea mlango na mlinzi. Injili ya Mathayo nayo, iliyo na mfano wa talanta, ina onyo kuhusu lulu na wasiojua kuzithamini. Na katika Uzigua na Usambaa elimu ya dawa za mitishamba ilifuata njia hiyo muda mrefu kabla ya shule. Hurithishwa ndani ya ukoo, na mtu wa nje huipata kwa kukaa na mwalimu, kumtumikia na kutoa ada. Wageni wengi waliuita utaratibu huo uchoyo. Kuna uchoyo ndani yake, bila shaka, kwa maana mganga naye anakula kwa kazi yake. Ila kuna jambo lingine lililo zito zaidi: dawa iliyotajwa bila kipimo chake huua, na mti wenye mzizi unaotafutwa na kila mtu huisha porini. Mganga anayemwambia mwanafunzi jina la mti lakini akachelewa kumwonyesha ulipo, mpaka ajue atachimba kiasi gani, hafichi elimu. Anaigawa kwa utaratibu wa amana.

Neno amana ndilo linalofaa hapa kuliko mali. Mali ina mwenyewe, naye huifanyia atakavyo. Amana iko mikononi mwa mtu kwa niaba ya mwingine, na ataulizwa juu yake. Mkusanyaji anayejua mahali ambapo mmea adimu unaota hawezi kusema elimu ile ni yake kwa kuwa alipanda mlima kwa miguu yake mwenyewe. Hawezi pia kusema ni ya wote na kuimwaga barabarani. Ameikuta, au ameonyeshwa. Ameshikishwa tu.

Ubaya wa kuimwaga unajulikana Tanzania kwa mfano mmoja wenye uchungu. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, wenye eneo la takriban kilometa 4 za mraba, anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa. Huyu ni Lygodactylus williamsi, aliyeandikwa na Arthur Loveridge mwaka 1952. Kwa nusu karne hakusumbuliwa na mtu. Kuanzia mwaka 2004 hivi wapenzi wa mijusi wa Ulaya walimgundua, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa msituni mijusi kati ya 32,000 na 43,000 katika muda usiofika miaka 5. Mjusi huyu hukaa kwenye mikadi ya porini, na ili kumfikia juu watu waliikata mikadi yenyewe, wakiharibu nyumba pamoja na mwenye nyumba. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalimweka katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku.

Somo la Kimboza hutajwa mara nyingi kuwa ni somo la kunyamaza. Hiyo ni nusu yake tu. Mahali pa mjusi palijulikana mno, na hilo lilimdhuru. Namna ya kumfuga na kumzalisha, kwa upande mwingine, ilijulikana kwa wachache na kwa kuchelewa, na hilo lilimdhuru vilevile, kwa kuwa mjusi anayezaliwa ndani ya kioo cha mfugaji huondoa sababu ya kumkatia mkadi ndugu yake wa porini. Elimu mbili za kiumbe mmoja zilihitaji hukumu mbili zinazopingana. Habari ya mahali ilitaka mlango. Habari ya malezi ilitaka kuenezwa kwa kila anayeomba, bure, na mapema. Katika vyama vingi vya hobi mambo huwa kinyume kabisa. Picha yenye jina la kijiji hutolewa kwa fahari ya safari, huku siri ya chakula cha vifaranga ikihifadhiwa kwa sababu ina bei. Huo ndio mgawanyo usio wa haki, na unastahili kuitwa hivyo.

Hukumu ya mahali nayo haiwi moja kwa viumbe vyote. Dimbwi la Mombo lenye mayai mengi katika tope lake halipungukiwi na jozi tatu za samaki, na likifukiwa kwa barabara au kulimwa mpunga, linachohitaji ni mtu anayejua kwamba lilikuwapo. Siri katika hali hiyo ni hatari kuliko tangazo. Mwamba wenye mimea michache kivulini ni kinyume chake. Anayedai kuficha mahali kwa ajili ya uhifadhi anapaswa kuweza kueleza ni madhara gani anayoyaogopa, na akishindwa, basi uhifadhi ni joho tu na kilicho chini yake ni soko.

Mimea hiyo ya mwambani ndiyo iliyoifanya Usambara ijulikane katika nyumba za watu duniani kote. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliikuta mwanzoni mwa miaka ya 1890, akaipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba aliifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, naye mwaka 1893 akaitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Wajerumani waliliita ua hilo urujuani wa Usambara. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles walipata mbegu zake kutoka Ulaya na kuchagua miche bora, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo wa Marekani wakaunda chama chao. Chama hicho ndicho kinachotunza rejista ya majina ya aina zilizozalishwa na watu, nazo ni maelfu. Tangu mwaka 2015 wataalamu wanaiweka mimea hii ndani ya jenasi ya Streptocarpus, ingawa wapenzi wake wanaendelea kutumia jina la zamani.

Ua hili lina tabia ambayo mwanafalsafa angeibuni kama isingekuwapo. Jani moja lenye kikonyo chake, likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, huzaa miche midogo kwenye shina la kikonyo, na mmea uliotoa jani hauonyeshi hata kovu baada ya wiki chache. Kitu chenyewe kimekuwa kama habari: kinatolewa bila kupungua. Ndiyo maana vyama vya ua hili vimekulia katika desturi ya kupeana majani, na ndiyo maana pia vimegombana sana juu ya haki ya mzalishaji. Mtu aliyetumia miaka kumi kupata ua lenye pindo jeupe huona jani lake likienda mikono mia bila jina lake kutajwa. Sheria ya hataza imejibu kwa kukataza kuzalisha aina fulani bila idhini. Jibu la jumuiya yenyewe limekuwa rejista: jina lililoandikishwa linabaki pamoja na la mzalishaji wake. Kati ya mawili hayo, la pili liko karibu zaidi na haki, kwa maana linamlipa mzalishaji heshima bila kumnyima jirani jani.

Rejista hiyo inaanza, hata hivyo, baada ya ua kufika Ulaya. Mnyororo wake unaanza kwa ofisa, unakwenda kwa baba, kwa mkuu wa bustani, kwa wauza mbegu. Saint Paul-Illaire hakuzaliwa Usambara. Njia za miguu za misitu ile zilikuwa za Wasambaa na Wabondei, na waliobeba mizigo, walioongoza na waliojua mwamba gani una maji kiangazi walikuwa watu wa hapo. Majina yao hayamo kwenye lebo. Miongoni mwa majina ya Kilatini yaliyopewa aina za ua hili yamo magungensis, lililotokana na Magunga, na shumensis, lililotokana na Shume. Mahali pamekumbukwa. Mtu hakukumbukwa. Kwa kipimo cha isnadi, huu ni mnyororo uliokosa kiungo cha kwanza, na kiungo cha kwanza ndicho kinachobeba vingine vyote.

Ingekuwa rahisi kulifunga jambo hapa kwa kumtia hatiani mgeni. Historia ya Korogwe hairuhusu. Mwaka huohuo wa 1893 ambao urujuani wa Usambara ulitangazwa Ujerumani, Richard Hindorf alileta mkonge katika pwani ya Pangani. Mkonge ni mmea wa Meksiko, na Yucatán ililinda biashara yake kwa kukataza miche isitoke. Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na 62 tu vilifika hai. Kutoka hivyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifunika njia ya reli ya Tanga, Korogwe ikiwa katikati yake, na mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Familia nyingi za Korogwe, na vibarua waliotoka mikoa ya mbali, waliishi kwa mmea ambao wenyewe wa kwanza walitaka usitoke kwao. Anayedai leo kwamba kila mmea na habari yake ni mali ya milele ya ardhi ulikoota, itabidi aieleze Korogwe. Dai la haki lisimame mahali pengine: si kwamba elimu isitoke, bali kwamba inapotoka itoke na jina la aliyeitoa, na inapozaa irudi na sehemu ya mazao. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 vilijengwa juu ya wazo hilo la kugawana manufaa. Urujuani uliondoka miaka mia moja kabla.

Kwenye mawe ya vito hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa habari ya mahali ina bei papo hapo. Kalalani, kata ya wilaya ya Korogwe iliyo karibu na mto Umba, inajulikana kwa wakusanyaji wa madini kwa yakuti na ganeti zake. Kwa mkusanyaji, jiwe lisilo na jina la machimbo limepoteza nusu ya maana yake. Kwa dalali, kutaja machimbo ni kumwonyesha mshindani njia. Hivyo mawe hubadilishiwa asili njiani, na mchimbaji mdogo wa Kalalani, au wa Handeni na Kilindi, hujikuta amefutwa kwenye historia ya jiwe aliloling'oa kwa mikono yake. Ipo ganeti moja ya Umba ambayo jina lake lilisafiri. Inaelezwa kwamba miaka ya 1960 wanunuzi walilikataa jiwe hilo kwa kuwa halikufanana na aina walizozijua, na wenyeji wakaliita malaya, lisilo na kwao. Baadaye soko liligundua uzuri wake likaliuza kwa jina hilohilo, na wengine walipojua maana yake wakalibadilisha tahajia kidogo. Ni nadra neno la mchimbaji wa Tanga kuingia katika vitabu vya madini, na inasikitisha kwamba lililoingia ni la kukataliwa.

Kuchelewa kwa shukrani hakuifuti haki ya anayedai. Jumanne Ngoma, anayetambuliwa na serikali ya Tanzania kuwa ndiye aliyegundua tanzanaiti Mererani mwaka 1967, alisubiri mpaka mwaka 2018 ndipo akapewa shilingi milioni 100 mbele ya taifa. Alifariki mwaka uliofuata. Ilikuwa miaka 51 baada ya ugunduzi, na bado ilistahili kufanywa. Hoja kwamba deni la zamani limeshapitwa na wakati haina nguvu kwa anayeamini amana, kwa sababu amana haizeeki.

Kwa vyama vya wakusanyaji, hili halihitaji fedha nyingi. Lebo ya samaki ina nafasi ya neno moja zaidi. Aliyeonyesha dimbwi, awe dereva, mchungaji wa ng'ombe au kijana wa kijiji, akiridhia, aandikwe kama anavyoandikwa aliyeshika wavu. Maelezo ya malezi ya samaki wa Mombo yapo kwa Kijerumani na Kiingereza, na yangeweza kuandikwa kwa Kiswahili kwa kurasa chache, yakafika kwenye shule zilizo kando ya barabara ya Korogwe, ambako mtoto hupita dimbwi hilo kila siku akienda darasani. Miche ya urujuani inayofugwa Ulaya kwa jina la mwamba fulani wa Usambara ingerudishwa pale ambapo msitu umekatwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Usambara na wa bonde la Pangani amekuja, amepokewa, na ameondoka na jani, yai na jiwe.

Anayefuga leo kizazi cha hamsini cha samaki wa Mombo, huku lebo yake ikitaja mwaka, namba ya dimbwi na jina la Mjerumani wa Amani, bila kumtaja aliyeonyesha dimbwi lenyewe, ameshika amana ya mtu na bado hajairudisha.